Faili za mradi wa PLC: jinsi ya kusoma data ya kidhibiti cha mitambo kwa programu ya kuandika mwenyewe

Tulipofanya kipindi cha pampu za maji, ujumbe mwingi ulikuwa wa malalamiko, na tuliutarajia. Mmoja ulikuwa tofauti. Kijana mmoja, fundi umeme kwenye mradi wa maji wa kijiji, alitueleza kwamba pampu yao inaendeshwa na kisanduku cha Siemens. Mkandarasi aliyekifunga alishaondoka zamani, akaacha flashi moja yenye folda ya "mradi". Fundi huyu hana programu yenye leseni ya kuifungua. Pampu imegoma kuwaka, na akina mama wako siku ya tisa wakichota mtoni. Swali lake lilikuwa hili: kiwango cha maji kinachoamua pampu iwake au izime kimeandikwa wapi ndani ya flashi hiyo, na je, anaweza kukisoma bila kununua programu ya kiwandani?

Hewani hatukuwa na jibu. Tulimwomba nakala ya folda, naye akatuletea kwa ruhusa ya kamati ya maji, tukakaa nayo studio pamoja na mafundi wawili wanaoijua kazi hii. Makala hii inaeleza tuliyoyakuta, na tumeiandika kwa ajili ya kila anayeweza kukutwa na hali kama hiyo kwenye kisima, kinu au kiwanda.

Kisanduku chenyewe

Kidhibiti cha viwandani, ambacho mafundi hukiita kwa herufi PLC, ni kompyuta ndogo iliyojengwa kuvumilia vumbi, joto na mtikisiko. Husoma swichi na vipimo, huamua, kisha huwasha au kuzima mota, vali na taa. Hurudia hivyo mara nyingi kila sekunde, usiku na mchana. Zamani kazi hiyo ilifanywa na makabati yaliyojaa rilei na nyaya, na kubadili jambo dogo tu kulidai kufumua nyaya upya. Kampuni ya magari ya General Motors ya Marekani ilichoka na hali hiyo, ikatafuta mbadala, na mmoja wa vidhibiti vya kwanza kabisa, Modicon 084 cha Dick Morley na wenzake, kilitoka mwaka 1969.

Kisanduku cha msikilizaji wetu ni cha familia ya SIMATIC S7-300, iliyoingia sokoni katikati ya miaka ya 1990 na kuenea duniani kote. Programu ya kukitengenezea maelekezo inaitwa STEP 7. Mfano wetu wote hapa ni STEP 7 ya zamani, ile ambayo faili yake kuu huishia na .s7p. Za makampuni mengine tutazigusa mwishoni.

Kwa nini flashi ni muhimu kuliko kisanduku

Watu wengi hudhani kwamba kila kitu kimo ndani ya kidhibiti, hivyo flashi ikipotea si hoja, fundi atakuja na waya na kuyanyonya yote. Kwa S7-300 si kweli. Unaweza kuitoa programu ndani ya kidhibiti ikiwa haikufungwa, lakini itatoka uchi. Majina ambayo mkandarasi alizipa swichi na mota, pamoja na maelezo aliyoyaandika kando ya kila hatua, hayakuwahi kuingizwa humo. Yalibaki kwenye folda ya mradi.

Tofauti yake ni hii. Programu iliyotolewa kwenye kisanduku itakwambia: "kama E 1.3 haina umeme, usiwashe A 4.0." Folda ya mradi itakwambia E 1.3 ni kitu gani. Herufi hizo ni za Kijerumani: E ni Eingang, yaani njia ya kuingilia, na A ni Ausgang, njia ya kutokea. Mradi ulioandikwa kwa mtindo wa kimataifa utaonyesha I na Q badala yake. Mtu akikutana nazo kwa mara ya kwanza bila kujua hilo, anaweza kupoteza siku nzima.

Ndani ya folda

Mradi wa STEP 7 si faili moja. Ni folda kubwa yenye folda nyingine ndani, na majina yake ni ya ajabu: ombstx, YDBs, hrs, S7Netze na mengineyo. Mara nyingi hutunzwa ikiwa imefungashwa kama zip, na hiyo hata simu yako inaweza kuifungua na kukuonyesha orodha ya faili.

Jambo lililotufurahisha ni kwamba faili nyingi muhimu zinaishia na .DBF. Huo ni muundo wa dBase, programu ya kutunza kumbukumbu ambayo mizizi yake ni mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati Wayne Ratliff, aliyefanya kazi kwenye maabara ya anga ya JPL huko California, aliandika programu aliyoiita Vulcan. Kampuni ya Ashton-Tate iliiuza kwa jina la dBASE II, ingawa dBASE I haikuwahi kuwapo. Waliokuwa wakishika kompyuta za ofisi kabla ya Windows wataikumbuka. Kwa hiyo ndani ya mtambo wa kisasa wa Kijerumani kuna daftari la zamani ambalo muundo wake unajulikana na kila mtu, na hapo ndipo mlango ulipo.

Faili tatu ndizo zilizotuhusu zaidi. SYMLIST.DBF, iliyo chini ya folda YDBs, ni orodha ya majina: jina la kila kitu, anwani yake, aina yake na maelezo mafupi. BAUSTEIN.DBF na SUBBLK.DBF ziko chini ya ombstx, ndani ya folda offline. Baustein kwa Kijerumani ni tofali la kujengea, na kweli programu ya S7 hujengwa kwa matofali, ambayo mafundi huyaita bloku. Bloku za OB, FC na FB hubeba maamuzi, na bloku za DB hubeba takwimu. SUBBLK ndiyo ghala la yaliyomo, na ina mwenzake SUBBLK.DBT, faili inayobeba mizigo mirefu isiyoenea kwenye safu za kawaida.

Ndani ya offline utakuta folda zenye namba tupu, kama 00000001. Kila namba ni ya programu moja. Mradi wenye vidhibiti vitatu utakuwa na angalau namba tatu, na kujua ipi ni ya kidhibiti kipi inabidi uangalie faili zilizo kwenye folda hrs. Sisi tulikuwa na bahati ya kidhibiti kimoja.

Kuisoma DBF kwa mkono wako

Kwa SYMLIST pekee huhitaji kuandika chochote. Programu ya bure ya LibreOffice hufungua DBF kama jedwali. Tatizo huanza kwenye SUBBLK, kwa sababu mzigo wake si maandishi bali ni baiti za mashine, na LibreOffice haijui la kufanya nazo. Hapo ndipo unaandika programu yako. Tulitumia lugha ya Python, ambayo ni ya bure na inaweza kukaa hata kwenye simu ya Android kupitia programu ya Termux.

Programu hiyo inafanya hivi. Inafungua faili kama baiti, si kama maandishi. Ukihesabu kuanzia sifuri, baiti ya 4 hadi ya 7 zinasema kuna rekodi ngapi. Baiti ya 8 na ya 9 zinasema kichwa cha faili kina urefu gani, na ya 10 na ya 11 zinasema kila rekodi ina urefu gani. Namba hizo zimeandikwa kinyume, baiti ndogo ikitangulia. Baada ya baiti 32 za kwanza yanakuja maelezo ya safu, kila safu ikipewa baiti 32: kumi na moja za mwanzo ni za jina, inayofuata ni herufi ya aina, na urefu wa safu uko kwenye baiti ya 16 ya maelezo hayo. Orodha ya safu inafungwa na baiti yenye thamani 13. Baada ya hapo ni rekodi moja baada ya nyingine, zote za urefu sawa, hivyo kuzikata ni kazi ya kujumlisha tu.

Kila rekodi huanza na baiti moja ya alama. Ikiwa ni nafasi tupu, rekodi ni hai. Ikiwa ni nyota, rekodi imefutwa. Kwenye dBase kufuta hakuondoi kitu, kunakitia alama tu, na maandishi yanabaki hadi faili isafishwe. Usipoiangalia alama hiyo utachanganya programu ya sasa na masahihisho yaliyotupwa zamani. Kwa upande mwingine, ukitafuta jambo lililofutwa kwa bahati mbaya, unaweza kulikuta bado limelala hapo.

Safu ya aina M haibebi mzigo wenyewe. Inabeba namba ya mahali mzigo ulipo kwenye faili ya DBT. Faili hiyo imegawanywa vipande. Kwa dBase III kila kipande ni baiti 512. Kwa dBase IV ukubwa wa kipande husomwa kwenye kichwa cha faili, na kila mzigo hutanguliwa na baiti 8, ambazo nne za mwisho zinataja urefu wa mzigo. Ziko maktaba za Python zilizokwisha kuandikwa za kusoma DBF, kama dbfread, nazo zinaokoa muda. Ila hakikisha maktaba unayoitumia haibadili baiti za DBT kuwa herufi, maana ikifanya hivyo data ya mashine inaharibika kimyakimya. Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi, mpaka kuzitafsiri bloku zenyewe kuwa maelekezo yanayosomeka, ipo maktaba huria iitwayo DotNetSiemensPLCToolBoxLibrary ambayo wataalamu wameijenga kwa miaka mingi.

Bloku moja huwa na rekodi zaidi ya moja. Rekodi moja ina msimbo wa mashine, nyingine ina majina na mpangilio wa sehemu zake. Lazima uzilinganishe kwa namba ya bloku, la sivyo utakuwa na takwimu zisizo na majina.

Mahali tulipojikwaa

Kosa letu la kwanza lilikuwa la kuchekesha. Kwenye bloku ya takwimu tulisoma kwamba kiwango cha kuzimia pampu ni sentimita 11265. Tangi la zaidi ya mita mia moja! Fundi mmoja alicheka mpaka akatoka nje. Sababu ni kwamba DBF huandika namba kwa baiti ndogo kwanza, lakini kidhibiti cha S7 huandika kwa baiti kubwa kwanza. Mia tatu ni baiti 1 ikifuatwa na 44. Ukizisoma kinyume unapata 44 mara 256, ongeza 1, na hiyo ndiyo 11265. Kwa hiyo ndani ya programu moja lazima ubadili namna ya kusoma: kichwa cha DBF kwa njia moja, mzigo wa S7 kwa njia nyingine.

La pili lilikuwa la muda. Tuliona namba 4864 mahali ambapo palitakiwa kuwa na sekunde za kusubiri kabla ya kuwasha. Vidhibiti hivi vina mtindo wa zamani wa kuandika muda, S5TIME, ambao hugawa namba katika tarakimu nne zenye biti nne kila moja. 4864 ikigawanywa hivyo inatoa 1, 3, 0, 0. Tarakimu ya kwanza inataja kipimo, na 1 maana yake ni sehemu ya kumi ya sekunde. Tatu zilizobaki ni 300. Sehemu za kumi 300 ni sekunde 30, muda unaoingia akilini kabisa kwa pampu.

La tatu si kosa la kompyuta, na ndilo tunaloliona la hatari zaidi. Takwimu zilizo kwenye flashi ni za siku mradi ulipohifadhiwa mara ya mwisho. Kama mtu alisimama mbele ya kidhibiti au kwenye skrini ya mwendeshaji akabadili kiwango, kisanduku kina thamani mpya na flashi ina ya zamani. Kwa hiyo kile unachokisoma kwenye faili ni ushahidi wa alichokusudia mkandarasi. Hakithibitishi pampu inafanya nini leo. Usimwambie mwenyekiti wa kamati "kiwango ni mita tatu" kabla ya kwenda kulitazama tangi.

Jibu lilikokuwa

Tulipoteza karibu siku nzima kwenye bloku za takwimu, kwa kuwa swali tuliloulizwa lilikuwa la kiwango cha tangi. Kiwango kilikuwa sawa. Jibu lilikuwa kwenye ile orodha rahisi ya majina, ambayo tungeweza kuifungua kwa LibreOffice tangu asubuhi. Kwenye mstari wa E 1.3 mkandarasi aliandika maneno yanayoeleza kwamba hiyo ni swichi ya boya ndani ya kisima, ya kuilinda pampu isizunguke bila maji. Kidhibiti kikipata umeme kwenye E 1.3 kinaelewa kwamba maji yapo. Kisipopata, kinakataa kuwasha.

Tulimpigia simu fundi wetu. Kwenye kadi ya kuingilia ya S7-300 kila njia ina taa yake ndogo ya kijani. Tulimwomba atazame kundi la pili, taa ya nne kutoka juu, maana hesabu huanza 1.0, 1.1, 1.2 na kisha 1.3. Ilikuwa imezima, na kisima kilikuwa na maji tele. Akaufuata waya hadi kisimani akaukuta umetafunwa na panya pale unapoingia kwenye bomba. Waya ukikatika, kidhibiti hudhani kisima kimekauka, na mkandarasi alipanga hivyo makusudi: heri pampu isimame kuliko iungue. Maji yalirudi jioni hiyo hiyo.

Tahadhari kabla hujagusa

Fanya kazi kwenye nakala, kila mara, na nakala ya asili ikae mahali pengine. Programu yako isome tu. Usithubutu kuandika kitu ndani ya faili za mradi kisha kuzipeleka kwenye mtambo, kwa sababu faili hizi zinategemeana, na ukikosea moja unaweza kuwasha mota wakati mtu ameweka mkono. Mabadiliko ya programu ni kazi ya fundi mwenye STEP 7 halali na ujuzi wa mtambo.

Zipo bloku ambazo mwandishi wake amezifunga zisisomwe. Kuzivunja hatutakufundisha, na folda isiyo yako usiifungue bila ruhusa ya mwenye mtambo.

Jambo jingine ni virusi. Mwaka 2010 kiligunduliwa kirusi kilichoitwa Stuxnet, kilicholenga mashine za kurutubishia urani za Natanz, Iran. Kirusi hicho kilijua kukaa ndani ya folda za miradi ya STEP 7, na mtu alipoufungua mradi kwa programu yenyewe, kiliamka. Pia kilibadili faili iitwayo s7otbxdx.dll ili mhandisi asione alichokifanya kwenye kidhibiti. Kwa upande huu, programu yako ndogo ina faida: inasoma baiti za DBF tu wala haiendeshi chochote kilichomo kwenye folda. Hata hivyo flashi iliyopita mikono mingi ipime kwanza.

Na visanduku visivyo vya Siemens

Kama kidhibiti chako ni cha Rockwell, mradi utakuwa faili moja ya .ACD, ambayo ni ngumu kuisoma kwa mkono. Mwombe mwenye programu akutolee nakala ya .L5X. Hiyo ni XML, maandishi yanayosomeka na lugha yoyote ya kompyuta. Schneider wana .XEF kwa Unity Pro, nayo ni XML. CODESYS inaweza kutoa PLCopen XML. Miradi mipya ya Siemens ya TIA Portal haitumii DBF. Kwa hiyo haya tuliyoyaeleza hayatakusaidia huko, na njia halali ni kutumia milango ya kutolea data ambayo Siemens huiita Openness, ukiwa na TIA Portal yenyewe.

Kamati ambayo bado haijalipa awamu ya mwisho ya mkandarasi ina nafasi nzuri ya kudai vitu vitatu kwa maandishi: folda kamili ya mradi, orodha ya majina iliyochapishwa kwenye karatasi, na maneno ya siri ya kidhibiti kama yapo. Orodha hiyo ya karatasi inaweza kubandikwa ndani ya mlango wa kabati. Fundi wetu ameshabandika yake, na waya mpya ameupitisha ndani ya bomba la chuma.